Kiti cha Kukulia

Kiti kilifika kliniki kabla ya mgonjwa. Kilikuja juu ya mkokoteni, kimefunikwa shuka kama bibi harusi asiyetakiwa kuonwa mapema, na nyuma yake alikuja Fundi mwenyewe, seremala, kifua mbele, akiwapigia watu kelele wapishe njia. Mkewe alifuata kwa mbali na binti yao mgongoni. Yeye hakuna aliyempisha.

Binti alikuwa na miaka mitano na jina zuri tu la kwenye cheti, ila mtaa mzima ulimwita Bosi. Bosi hatembei, bosi hajifungulii mlango, bosi akitaka maji analetewa. Jina hilo alilitunga baba yake, aliyeona afadhali atanie yeye kabla hawajaanza wengine. Mtindio wa ubongo ni maneno mazito kuyatamka mbele za watu. Bosi ni fupi, na linachekesha.

Chumba cha mazoezi kilikuwa na mikeka, mipira mikubwa ya kulalia, kioo kilichopasuka pembeni, na akina mama wameketi chini wakinyoosha watoto wao miguu. Fundi akakiingiza kiti, akakisukuma mpaka katikati, akavuta shuka.

"Haa!" akina mama wakasema kwa pamoja.

Kwa kweli kiti kilikuwa kiti. Mbao ngumu nyekundu, zimepigwa msasa mpaka zinateleza kama sahani, egemeo refu lenye maua ya kuchonga, mikono miwili iliyokunjwa mbele kama makucha ya simba, mkanda mpana wa ngozi. Jaji angekikalia bila aibu.

"Huyu baba anampenda mtoto," mama mmoja akasema. "Wa kwangu alitoroka aliposikia jina la ugonjwa tu, hata hakungoja maelezo."

"Wa kwangu yupo," akajibu mwenzake, "ila yupo kama kabati lilivyopo."

Wakacheka. Fundi akainamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao hakuwa nao.

Ndipo akaja Dada wa Mazoezi, mwanamke wa mikono minene na maneno machache. "Mkalisheni," akasema. Bosi akakalishwa, akafungwa mkanda. Dada akakizunguka kiti kama mtu anayekagua gari lililogongwa.

"Hiki kiti cha nani?"

"Cha mwanangu huyu, dada. Nimekichonga kwa mikono yangu hii."

"Na mwanao mwenyewe yuko wapi? Mimi naona nywele na viatu."

Chumba kizima kikacheka. Fundi naye akacheka, kwa mdomo tu. Dada akapitisha ngumi nyuma ya mgongo wa Bosi, ikaingia yote, akaongeza na ya pili. "Hapa katikati ningeweza kumkalisha mdogo wake." Akaigusa miguu iliyokuwa ikining'inia. Muda huo wote Bosi alikuwa anashuka taratibu, kiuno kinatangulia mbele, mgongo unajikunja nyuma yake.

"Na-za-ma," Bosi akasema. Maneno yake yalitoka moja moja, kila moja limesukumwa.

"Ndiyo wimbo wake huo," Fundi akaeleza haraka. "Akikaa tu, nazama, nazama. Mcheshi sana. Kanifuata mimi."

"Hatanii," Dada akasema. "Anazama."

Akachukua kikombe cha maji, akamsogezea Bosi karibu kabisa na vidole. Bosi akakitazama kikombe, akajilamba midomo, akamtazama mama yake. Mikono ilibaki imeng'ang'ania mbao mpaka kucha zimegeuka nyeupe.

"Mlipokuja mara ya mwisho," Dada akasema, "huyu akikaa katikati ya miguu ya mama yake alikuwa anashika kikombe kwa mikono miwili. Kweli, si kweli, mama?"

"Kweli," mke wa Fundi akajibu, kwa sauti ya chini.

"Mkono unaotumika kujiokoa hauwezi kula. Wala hauwezi kushika penseli."

Akamfungua, akamlaza mkekani, akaanza kumpanua mapaja. La kulia lilikubali. La kushoto likagoma katikati ya njia, Bosi akapiga yowe, na kicheko chote kilichokuwa kimebaki chumbani kikafa.

"Nyonga hii inavutwa. Misuli imekaza kuliko nilivyoiacha. Humo kitini anakaa muda gani?"

Mke akamtazama mume. Mume akatazama maua ya kuchonga.

"Kutwa," mke akasema. "Mimi nafua nguo za watu, dada. Zamani nilikuwa namweka kwenye mkeka hapo hapo ninapofulia. Anajipindua, anahangaika, anafukuza povu. Tangu kije kiti, nikimweka chini watu wananiuliza, kiti kizuri vile, wewe unamlaza mtoto vumbini? Nikaona aibu."

Dada akavuta pumzi. "Sikilizeni. Ubongo uliumia akizaliwa, na hilo sitaliondoa mimi wala nyie. Lakini yanayofuata yanatoka nyumbani. Anavyokalishwa, anavyobebwa, kama anaachiwa kuhangaika mwenyewe au kila kitu anafanyiwa. Yapo yanayomsogeza na yapo yanayomrudisha. Hiki kinamrudisha. Kikate."

"Nikikate?"

"Si wewe ndiye seremala? Pa kukalia pafupishwe, egemeo lisogee mbele, miguu ipate pa kukanyaga. Na akae kidogo, ashuke chini acheze, apande tena."

"Lakini dada, mtoto huyu atakua. Nimemwachia nafasi ya kukulia."

"Humo atakua, baba," Dada akasema. "Amepinda."

Wakati wa kurudi hakuna aliyekumbuka kukifunika kiti shuka.

"Nilikuambia anateleza," mke akasema nyuma ya mkokoteni.

"Uliniambia wewe au ulisema tu? Mtu akisema jambo huku anasuuza nguo, utajua anaongea na nani?"

"Bosi mwenyewe alikuambia."

"Bosi ananiambia pia kwamba mwezi ni wake."

Tumtendee haki Fundi, maana kumcheka ni rahisi. Mtaani kwao hakuna mzazi mwenye akili aliyewahi kununua kitu cha saizi ya mtoto. Sare ya shule hununuliwa ya kufika vifundoni, viatu huvaliwa na karatasi zimesokomezwa mbele, na mtoto akilia kwamba sweta linamfunika mikono huambiwa ashukuru, atalivaa mpaka aote ndevu. Kumtengenezea mtoto kitu kinachomtosha leo ni ufujaji, karibu ni dharau, kama vile humtarajii kesho. Fundi alipokiacha kiti kipana vile alikuwa anamtarajia binti yake kwa miaka mingi. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa mwili wa Bosi kiti si kama sweta.

Karakana yake ilikuwa kando ya barabara, bati juu, mbao zimesimamishwa ukutani. Upande mmoja vitanda na milango, upande wa pili majeneza, ambayo ndiyo yaliyolisha nyumba miezi ambayo hakuna aliyeoa wala aliyejenga. Mwenzake wa kazi aliitwa Msasa, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoiweza, na kwa sababu mdomo wake ulikwaruza.

"Enhe, madaktari wamekisifu?" Msasa akauliza.

"Wanasema nikikate."

"Wape stuli mbili na meza ya kahawa, basi!" Msasa akacheka mpaka akakohoa. Alipoona mwenzake hacheki, akaweka kipande cha msasa chini. "Wamesema kweli?"

"Msasa, wewe unajua. Kila anayepita hapa anauliza kile kiti. Kuna watu wana picha yake kwenye simu. Hiki ndicho kibao cha duka letu. Nikikikata, nawaambia nini? Kwamba fundi anayetaka kuwatengenezea makochi hajui kutengeneza kiti cha mwanawe?"

"Waambie mtoto amepungua."

Fundi hakukikata. Alimwambia mkewe waweke mito. Mkewe akashona mito kwa vitambaa vya nguo zilizokataliwa na wenyewe, akamzungushia Bosi kila upande, na kwa siku chache ilionekana imefaa, mpaka mito nayo ikajifunza kuteleza. Bosi alizama pamoja nayo. Wimbo wa nazama aliuacha. Baba yake akaona ni dalili njema.

Siku ya kumpeleka Bosi shule waliondoka nyumbani wakiwa wasafi kupita kiasi. Shule ile ilikuwa ndiyo pekee ya karibu ambayo mwalimu mkuu wake hakusema hapana mlangoni. Alisema kitu kigumu zaidi: mtoto yeyote anayeweza kukaa kwenye dawati na kushika penseli, yeye atampokea, hata kama hatembei, hata kama anaongea neno moja moja. Mke wa Fundi aliyarudia maneno hayo kila alipokuwa anakamua shuka za watu. Kukaa na kushika penseli. Hakuomba zaidi.

Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na kabati la vikombe vya michezo na kalenda ya mwaka uliopita. Mwalimu alikuwa mama wa makamo, mpole, miwani kifuani. Akakitazama kiti kwanza.

"Jamani! Kazi ya nani hii?"

"Yangu, mwalimu," Fundi akasema, na kifua kikarudi mahali pake.

Bosi akasogezwa mezani. Mwalimu akaweka karatasi, na juu yake penseli mpya, nyekundu, iliyochongwa vizuri. "Haya binti, nichoree chochote. Hata mstari."

Bosi aliipenda penseli ile. Ilionekana usoni, mdomo umefunguka, mate yamening'inia. Kichwa kiliielekea. Bega nalo likaielekea. Mkono ukabaki pale pale kwenye kucha la simba.

"Chukua, mama," mama yake akanong'ona. "Chukua penseli."

"Asiharakishwe," mwalimu akasema.

Bosi akajaribu. Akaachia kidole kimoja, cha pili, na kiuno kikaona nafasi, kikatoka mbele. Mto mmoja ukaruka sakafuni. Mkanda ukapanda kutoka tumboni ukaja kifuani, ukaja shingoni, na uso wa Bosi ukashuka nyuma ya meza kidogo kidogo, pua, macho, paji, mpaka likabaki fundo la nywele na utepe wake mweupe. Chini ya meza ikasikika sauti ya mtu anayekabwa.

Mama yake alishapiga magoti, analegeza mkanda. Fundi alisimama tu. Alikuwa anashikilia egemeo, kana kwamba kiti ndicho kilichokuwa kinaanguka.

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Alingoja mpaka mtoto alipoacha kukohoa, akampangusa mate kwa leso yake mwenyewe, akasema, "Mleteni mwakani. Afanye mazoezi kidogo, mwakani tutamwona tena." Kisha, kwa vile alitaka kuwaaga kwa neno jema, akaongeza, "Ila Fundi, hongera. Kiti kizuri sana. Huwezi kunitengenezea kimoja kama hicho cha hapa ofisini?"

Na Fundi, huku mkewe akilia kimya kimya na kumfunga mtoto mgongoni, alijisikia akisema, "Hamna shida, mwalimu. Cha rangi hii hii?"

Mkewe alitangulia njia nzima. Walipofika nyumbani alimweka Bosi kwenye mkeka, akaanua nguo za watu, akaanza kuzikunja. Ndipo akauliza, bila kugeuka.

"Baba Bosi. Mtu akija kutaka mlango, unafanya nini kwanza?"

"Unaanza maswali ya shule?"

"Unafanya nini kwanza?"

"Napima."

"Akitaka kitanda?"

"Napima chumba."

"Na huyu ulimpima?"

Fundi akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Futi yake ya chuma ilikuwa kiunoni kama kila siku. Haikosekani kiunoni kwake, hata harusini huenda nayo.

"Nilikadiria," akasema.

"Umekadiria mtoto. Mlango unaupima, mtoto unamkadiria."

"Mama Bosi, acha."

"Siachi. Leo mwanangu amenyongwa na kiti mbele ya mwalimu, na wewe ukapokea oda. Kwa nini hukumpima?"

Fundi akajibu akitazama chini. "Mimi nikimwekea mtu futi hii mwilini, anakuwa amelala chali, na ndugu zake wako nje wanalia. Sijawahi kumpima aliye hai. Hata mmoja. Siku ile ya kuanza kiti nilimsogelea akiwa amelala hapo, nikaivuta futi, nikaanzia kisigino. Mkono wenyewe ukaanza kuhesabu... kuhesabu kile kingine. Upana wa mabega. Nikaikunja. Nikasema nitamtengenezea kikubwa, kikubwa kabisa, cha mtu atakayeishi."

Mkewe alikuwa ameshika shati la mtu mwingine, amelikunja nusu. Kwa kitambo alionekana kama atamsogelea. Kisha akamalizia kulikunja.

"Basi mimi nimpeleke wapi akapimwe?" akasema. "Fundi cherehani atakuambia kiuno. Duka la viatu watakuambia mguu. Kiti nitamwomba nani?"

Fundi alikaa pale mpaka ndoo ikamchora makalio. Kisha akapiga magoti mkekani, akavuta futi. Chuma kikatoa ule mlio wake. Bosi alihisi ubaridi gotini, akacheka kwa nguvu, mwili mzima ukacheka, akampiga baba yake teke bila kukusudia.

"Tulia, Bosi."

"Ba-ba. Te-na."

Akapima tena. Kutoka nyuma ya nyonga mpaka nyuma ya goti, kulia. Akapima kushoto. Akapima kulia, akarudi kushoto. Yeye ambaye maisha yake yote ni kuhakikisha miguu minne inalingana, alibaki ameishika futi kwenye paja fupi la mwanawe. Hakumweleza mkewe alichokiona. Hakukuwa na haja, mke mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yake.

Kiti kikubwa kilikatwa kesho yake, mchana, barabara ikiona. Msasa alimshikia upande wa pili. Kilichotoka humo kilikuwa kitu kibaya kabisa machoni: kifupi, kimekaza, hakina ua hata moja, na pa kukanyagia palitokana na ubao wa jeneza uliobaki. Fundi alikipeleka kliniki bila shuka.

Dada wa Mazoezi akapitisha vidole nyuma ya mgongo wa Bosi. Havikuingia. Akakagua magoti, akakagua nyayo. "Sawa," akasema, na kwake hiyo ilikuwa sifa ndefu. Lakini nyonga ya kushoto aliikunja na kuikunjua mara nyingi kuliko Fundi alivyopenda. "Tutaivuta pole pole. Yote haitarudi. Nisikudanganye, baba, huenda ikataka kupasuliwa."

"Na mikono? Mbona bado anang'ang'ania?"

Kwa maana ni kweli, Bosi alikuwa amekaa wima kama askari wa lango, na mikono ilikuwa imeshika mbao vile vile.

"Wewe ukizamishwa miezi yote ile," Dada akasema, "ungeachia siku ya kwanza?"

Mama mmoja alikuja karakana jioni moja mapema, jua likiwa bado juu ya mabati. Alikuwa na mtoto wa kiume mgongoni, kichwa kimemlalia begani kwa namna ambayo Fundi sasa aliijua kutoka mbali. Alikuwa na simu, na kwenye simu picha.

"Fundi wa kiti hiki ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Karibu."

"Nakitaka kama hiki hiki. Na maua yake, na haya makucha. Nimejichanga mwaka mzima, usiniambie habari ya kupanda bei."

Msasa akakohoa kwa furaha. Wiki ile hawakuwa wameuza hata stuli.

"Kile nilikikosea, mama," Fundi akasema. Maneno yalimtoka kwa shida, moja moja, kama ya binti yake. "Kilikuwa kikubwa. Kilimuumiza mwanangu. Wako nitamtengenezea kinachomtosha. Mshushe, nimpime."

Akavuta futi.

Mwanamke yule aliangalia futi. Akaangalia nyuma yake, ukutani, yalikosimama majeneza mawili yakisubiri vanishi. Akarudi nyuma hatua, mkono mmoja umekwenda kumfunika mtoto kichwa.

"Umpime mwanangu? Na hiyo?"

"Mama, sikiliza..."

"Huyu yuko hai! Unanisikia? Yuko hai! Nimekuja kununua kiti, wewe unamtolea mtoto wangu futi ya maiti?"

"Hata mimi niliogopa, mama. Niliogopa kama wewe. Njoo uone." Akaingia ndani, akamtoa Bosi pamoja na kiti chake, akamweka chini mbele ya yule mama. "Huyu ndiye mwenye kiti cha kwenye picha. Mwone anavyokaa sasa. Mwone na huu mguu. Huu nimeuharibu mimi kwa kukadiria."

Mama yule akamtazama Bosi kwa muda. Akatazama kile kiti kifupi kisicho na ua, akatazama miguu, mate, utepe mweupe. Hasira ikamtoka usoni, na huruma ikaja mahali pake, ambayo ilikuwa mbaya zaidi.

"Pole sana, baba," akasema. "Ila wangu hajafikia huko." Akakaza kanga yake. "Kuna fundi mwingine pale njia panda. Yeye anatazama picha tu, haulizi mengi."

Akaondoka. Msasa akaona uso wa mwenzake, akachukua randa na kuanza kulainisha ubao ambao ulishalainika.

Fundi alibaki amesimama na futi wazi mkononi. Ndipo akasikia chini yake, "Kwa... he-ri." Akainama. Mkono wa kulia wa Bosi ulikuwa umetoka kwenye mbao. Ulikuwa hewani, umepinda kidogo kwenye kiganja, unatikisika, unapunga, na yeye mwenyewe ameketi wima pale pale, hakwenda popote.

"Mama!" Bosi akaita, kwa sauti yake yote. "Kwa-he-ri!"

Kule barabarani mama yule alisikia neno la kwanza tu, kwamba anaitwa. Akadhani ni wale wale, wanataka arudi wampunguzie bei. Hakugeuka, akakaza mwendo.